Divai ya Mufalme Katika Uwanja wa Wanafunzi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Danieli 1:1-21, Danieli 5:1-6, 1 Wakorinto 9:24-27, Habakuki 2:15

Leo tunataka kusema juu ya bia, mupira na watoto wetu wenye wanasoma masomo ya juu. Mutu asifunge radio. Ujumbe huu ni kwa kila muzazi, hata ule mwenye hajagusa chupa tangu aokoke.

1. Vijana wane katika masomo ya mufalme

Wakati tunasikia jina la Danieli, akili yetu inakimbilia simba. Tunasema simba wa pori, hapana Simba timu ya Kolwezi, na hapana Simba ya katika chupa. Lakini maisha ya Danieli katika Babiloni hayakuanzia katika shimo la simba. Yalianzia katika masomo. Sura ya kwanza ya kitabu chake ni habari ya wanafunzi.

Tusome polepole. Mufalme Nebukadneza anachagua vijana wa Yuda wenye afya, wenye sura nzuri na wenye akili. Anawaweka katika masomo ya myaka 3. Watajifunza luga ya inchi na vitabu vyake. Kisha, ekzame mbele ya mufalme mwenyewe. Sisi wa Kolwezi tunaelewa habari hiyo vizuri, kwa sababu tuko na watoto katika UNIKOL na katika masomo mengine ya juu, na tunajua namna familia nzima inajikaza ili mutoto mumoja amalize.

Sasa tuangalie jambo lenye watu wanapita haraka. Pamoja na masomo, mufalme alipanga pia chakula na divai. Kila siku. Kutoka ku meza yake mwenyewe. Na mwanafunzi hakulipa kitu.

Juu ya nini mufalme anapatia vijana divai ya bure? Mufalme hakuwa baba yao. Yeye njo aliwatosha kwa nguvu katika inchi yao. Divai ile ilikuwa njia ya kuwazoeza kuamini kwamba maisha mazuri yanatoka ku meza yake. Tena, pamoja na divai, waliwapatia majina mapya. Danieli akaitwa Belteshaza, Hanania akaitwa Shadraki, Mishaeli akaitwa Meshaki, Azaria akaitwa Abednego. Majina ya zamani yalikuwa yanakumbusha Mungu wa Israeli. Majina mapya yaliwaelekeza kwa Babiloni. Chakula, divai na jina, vyote vitatu vilikuja katika sahani moja.

Danieli hakukataa masomo. Hakukimbia iniversite ya Babiloni. Alijifunza luga, alisoma vitabu, alipita ekzame. Kitu chenye alikataa ni meza. Aliona fasi masomo yanaishia na fasi utumwa unaanzia.

2. Ulizo lenye liko mbele yetu

Wapendwa, vijana wawili wa kanisa wenye wanasoma katika masomo ya juu walikuja kutuona. Mumoja ni kapiteni wa timu ya fakilte yake. Walituambia kama mashindano ya fakilte na fakilte yanakaribia, na wachezaji hawana mayo. Mupira wenye uko umeshonwa mara tatu. Kombe hakuna. Basi mutu mumoja mwenye anafanya kazi ya kutangaza bia akawafikia. Akawaambia: tutapatia timu zote mayo, tutaleta mipira, tutaleta kombe, hamutalipa hata franka moja. Tunaomba tu banderoli zetu zizunguke uwanja, jina la bia liandikwe ku kifua cha mayo, na tuuzishe bia yetu kandokando ya uwanja kwa bei ya chini siku ya finali. Tena akaomba wasichana sita wanafunzi, wavae sketi za rangi ya bia, wagawe chupa za kuonja. Kati ya wale wasichana wenye waliitwa, mumoja anaimba katika kwaya.

Vijana wale walituuliza: “Baba muchungaji, tukubali ao tukatae? Na kama tunakataa, tutacheza na nguo gani?”

Ulizo hilo ni la kweli, na halifai kujibiwa kwa kupiga kelele tu. Mutu mwenye anasema “bia ni mubaya” na kisha anaenda kulala, hajamusaidia kapiteni ule. Kesho asubui wachezaji wake hawatakuwa na mayo. Njo maana tunaleta ulizo hilo mbele ya kanisa lote.

3. Jina lenye linaandikwa ku kifua

Mupira mukubwa wa Katanga ulianzia pia katika masomo. Katika mwaka wa 1939, Wabenediktini wenye walisimamia masomo ya Saint-Boniface katika muji wa Élisabethville, wenye leo tunaita Lubumbashi, walianzisha timu kwa ajili ya vijana wao. Iliitwa Saint-Georges, baadaye Saint-Paul. Kisha timu ile ikachukua jina la Englebert, na Englebert ilikuwa jina la tairi za motokari. Wakati ilishinda Kombe la Afrika la timu mara mbili, katika 1967 na 1968, watu waliimba jina la tairi katika barabara. Leo tunaita timu hiyo TP Mazembe, na ni yenyewe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia ya timu, katika 2010.

Tairi hailevye mutu, na hatusemi kama ilikuwa zambi. Tunaonyesha tu nguvu ya jambo hilo. Jina la kitu cha kuuzisha linaingia katika kinywa cha watu pamoja na furaha yao, na hakuna mwenye anasikia saa gani liliingia. Baba anashangilia mutoto wake, na kinywa chake kinatangaza tairi.

Sasa tutoshe tairi, tuweke bia. Majirani wetu wameona hilo. Katika Rwanda, mashindano makubwa ya mupira ya inchi yalibeba kwa myaka mingi jina la Primus, bia yenye ilianzia hapa kwetu, Kinshasa, katika 1926, wakati muji ule uliitwa Léopoldville. Katika Kenya, tangu 2012 mashindano ya timu kubwa yaliitwa kwa muda Tusker Premier League, na Tusker ni bia. Katika Tanzania, kulikuwa wakati Simba na Yanga, timu mbili zenye kushindana sana, zilivaa zote bia moja, Kilimanjaro. Tufikiri kidogo. Simba ikishinda, Kilimanjaro inashinda. Yanga ikishinda, Kilimanjaro inashinda. Zikienda sare, Kilimanjaro inashinda tena. Katika mechi ile kulikuwa muchezaji mumoja tu mwenye hawezi kupoteza, na hakukimbia hata metre moja.

Tunauliza: banderoli ya bia inasema na nani? Haisemi na mulevi. Mulevi anajua njia, hata usiku bila taa. Inasema na ule mwenye hajaanza bado. Inasema na kijana wa mwaka wa kwanza mwenye ametoka Kasaji ao Dilolo, hajui mutu katika muji, na anatafuta kikundi cha kuingia. Inasema na mutoto wa masomo ya musingi mwenye amepanda ku ukuta wa uwanja ili aone kaka yake anacheza. Sheria ya inchi yetu ya kulinda mutoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema kama mutoto ni kila mutu mwenye hajafikisha myaka 18. Mwenye kuuzisha anaweza kuuliza mutu karte ya elekteri ili ajue myaka yake. Lakini banderoli haiulize mutu karte. Inasema na wote, na inasema kwa nguvu zaidi na wadogo.

Na mutoto ule anaona nini? Anaona kaka yake, mwenye yeye anapenda kuliko watu wote, ameandikwa bia ku kifua. Hakuna mahubiri yenye yanaweza kushindana kwa urahisi na picha hiyo.

4. Mwili wenye unakimbia

Mutume Pauli alijua michezo. Karibu na muji wa Korinto kulikuwa mashindano makubwa ya Wagiriki, na wasomaji wake walijua namna wakimbiaji wanajitayarisha. Katika 1 Wakorinto 9 anachukua mukimbiaji kuwa mufano kwa Mukristo. Anaonyesha kama mutu mwenye anataka kushinda anajizuia katika mambo yote, anatawala mwili wake. Na taji la wakati ule lilikuwa la majani, lenye linanyauka. Kama wapagani walijizuia kwa ajili ya majani, sisi wenye tunangojea taji lenye haliharibike tufanye nini?

Basi michezo ni rafiki ya kujizuia. Muchezaji analala mapema, anakula vizuri, anasikia filimbi ya arbitri hata wakati hakubali. Kuweka bia kandokando ya uwanja ni kuweka katika fasi moja mwalimu wa kujizuia na mwalimu wa kujiachilia, na kuambia mutoto: sikiliza wote wawili.

Na jambo hili linaua watu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza katika 2024 kama pombe ilileta vifo milioni 2,6 katika dunia kwa mwaka mumoja, 2019. Na watu wa myaka 20 mupaka 39 njo waliguswa kwa namna ya pekee. Angalieni myaka hiyo. Ni myaka ya mwanafunzi, ya muchezaji, ya baba na mama wenye wameanza tu nyumba.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa. Mechi inaisha mangaribi. Watu wanatoka uwanjani wakati giza inaingia. Wanapanda moto za taksi, wawili ao watatu ku moto moja, na barabara ni ile ile ya malori yenye kubeba shaba na kobalti. Kama mwenye kuendesha alikunywa kwa bei ya chini tangu saa nane, nani atajibu kwa muzazi? Mwenye alileta kombe hatakuwa pale. Na musichana mwenye kuvaa sketi ya bia, nani atamusindikiza nyumbani usiku, wakati wanaume wenye alipatia chupa wanafikiri kama yeye pia ni sehemu ya zawadi? Na feza ya minervali yenye baba alituma kutoka ku mugodi, itavuka siku ya finali?

Nabii Habakuki, sura ya 2, anatangaza ole. Tuangalie anamutangazia nani. Haanzi na ule mwenye alikunywa. Anaanza na ule mwenye anamimina, mwenye anamupatia jirani yake kinywaji ili amuone katika haya yake. Mbele ya Mungu, mwenye kumimina ana hesabu yake.

5. Wenye wanasema “Lakini”

Tunasikia watu wa kweli, tena wa kanisa, wanasema “lakini”. Tuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza anasema: “Lakini kompani za bia zinapatia watu kazi, zinalipa kodi, zinasaidia michezo.” Ni kweli kama zinapatia watu kazi, na kuko ndugu zetu wenye wanakula kwa kazi hiyo, hatuwalaani. Lakini musaada wenye unaomba kifua cha mutoto na macho ya mudogo wake ni biashara. Tuuite kwa jina lake. Mufalme Nebukadneza pia alisaidia michango ya masomo.

Wa pili anasema: “Lakini watu watakunywa tu, hata mukikataza.” Tuangalie wenye walijaribu. Katika inchi ya Scotland, tarehe 10 Mei 1980, kisha finali ya kombe kati ya Celtic na Rangers, washangiliaji waliingia katika uwanja na kupigana vibaya. Mwaka ule ule sheria ilitolewa ya kukataza pombe katika viwanja vya mupira. Katika Ufaransa, sheria yenye inaitwa Évin, ya tarehe 10 Januari 1991, ilikataza bia kuwa sponsa wa michezo. Kulikuwa kombe kubwa la rugby la Ulaya lenye lilibeba jina la Heineken; ndani ya Ufaransa walilazimika kuliita tu “Kombe la H”. Kompani ile yenye nguvu ilibakiwa na herufi moja! Na katika Qatar, tarehe 18 Novemba 2022, siku mbili tu mbele ya Kombe la Dunia kuanza, ilitangazwa kama bia haitauzishwa kandokando ya viwanja, hata kama bia ilikuwa kati ya sponsa wakubwa. Mechi 64 zilichezwa zote. Watu waliimba, walilia, walirukaruka. Goli halikupoteza utamu wake.

Wenye walienda njia ingine tunawaona pia. Katika Marekani, michezo ya iniversite ni kitu kikubwa sana. Viwanja vingine vinaingiza watu zaidi ya 100 000. SEC, umoja wa iniversite 14 za kusini kwa wakati ule, ilikuwa inakataza kuuzisha pombe katika viti vya watu wote. Katika 2019 ikaachia kila iniversite ijiamulie. Walianza kwa uangalifu: bia na divai tu, na kufunga mbele ya mechi kuisha. Lakini kisha uwanja kuzoea kuhesabu feza ile, kufunga mulango kunakuwa kazi ngumu. Ni mwepesi zaidi kutofungua. Sisi Kolwezi tuko bado fasi ya kutofungua. Na Kenya, yenye ilivaa Tusker, katika 2025 ilitoa mupango wa serikali wenye kupendekeza umri wa kunywa upande kutoka myaka 18 mupaka 21. Kama ndugu wenye walitutangulia katika njia wanatafuta namna ya kurudi, sisi tunakimbilia nini?

Wa tatu hasemi kwa nguvu. Ni mama mwenye anauzisha bia ku mulango wa uwanja siku za mechi. Anasema polepole: “Lakini watoto wangu watakula nini?” Huyu, wapendwa, tusimujibu kwa mustari wa Biblia na kisha tumuache. Watu wa mechi wanasikia pia kiu ya maji, ya sukre ya baridi, ya munkoyo wa leo leo. Wanasikia njaa ya mikate, ya mayai, ya karanga. Kinachokosa ni feza ya kuanzia na friji ya kupozea. Wamama wa kanisa muko na likelemba. Kama kuko mama mwenye anataka kubadilisha biashara, mumupatie zamu ya kwanza. Hiyo ni mahubiri yenye yeye atasikia.

6. Siku kumi

Sasa turudie kwa Danieli, sababu yeye njo anatufundisha kazi. Alifanya mambo matatu.

Kwanza, aliamua katika moyo wake mbele ya chakula kufika. Mutu mwenye anangojea kuamua wakati chupa iko mukononi amechelewa. Wazazi, museme na watoto wenu leo, mbele ya finali. Na wewe binti mwenye waliita kuvaa sketi ile, amua leo. Tunajua kama feza yenye wanakupatia kwa siku moja ingekusaidia. Kanisa linapashwa kujua pia, na wamama wa kanisa watakutafuta.

Pili, Danieli alienda kwa mukubwa mwenye kusimamia na kuomba kwa heshima. Hakutukana Babiloni. Hakupasua mutungi wa divai. Mukubwa yule aliogopa mufalme, na Danieli alielewa woga wake. Vivi hivi, wakubwa wa masomo ya juu na wa divizyo ya michezo si adui zetu. Wengi wao hawana feza ya michezo, na wanaogopa wanafunzi kukasirika. Tuende kwao wachungaji na wazazi pamoja, na barua fupi yenye inaomba mambo mawili: katika mashindano ya wanafunzi, pombe isiuzishwe ndani wala ku milango ya uwanja, na jina la pombe lisiandikwe ku mayo wala ku ukuta.

Tatu, na hapa watu wengi wanakwama, Danieli alileta kitu kingine ku meza. Hakusema tu “hatutaki”. Alisema: mutupatie mboga na maji kwa siku 10, kisha mutuangalie. Aliweka mboga fasi ya nyama, na maji fasi ya divai. Na kisha siku 10, sura zao zilikuwa nzuri kuliko za wengine. Kisha myaka 3, katika ekzame, mufalme aliwakuta na akili mara 10 kuliko wenye hekima wake wote.

Basi hivi njo tuliwajibu vijana wetu wawili. Tuliwaambia: musitie bado mukono ku karatasi ile. Muombe siku 10. Siku hizo zinaanza leo, wakati unasikia sauti hii ao unasoma karatasi hii. Katika siku 10 tunataka kununua mayo, mipira na kombe moja. Tufanye hesabu bila woga. Familia 50 zikitoa kila moja franka 5 000, ni franka 250 000. Kanisa moja halitaweza yote. Makanisa manne ya kartye moja yakiungana, ni milioni moja. Kuko ndugu wenye wanafanya kazi katika makompani ya migodi. Kuko mama mushonaji mwenye anaweza kushona namba. Kuko ndugu mwenye ana pikipiki ya kubeba maji. Tuna watu. Tunahitaji kupanga tu.

Na hapa tunaomba jambo moja lenye litashangaza wengine. Ku mayo zile tusiandike jina la kanisa. Tusiandike jina la muchungaji, wala picha yake. Tuandike jina la fakilte na namba ya muchezaji, na hiyo inatosha. Kama tunatosha jina la bia ili tuweke jina letu, tutakuwa tumebadilisha tu mufalme, na mutoto atabaki ukuta wa kubandika matangazo. Danieli hakutafuta mutumwa wake. Alitaka Mungu ajulikane, na Mungu alijulikana kupitia sura zenye afya na ekzame zenye zilipita. Acha watu waulize wenyewe: nani alilipa nguo hizi? Jibu litatembea bila banderoli.

7. Kikombe

Tumalize na sura ya 5. Myaka imepita, mufalme mwingine anatawala, Belshaza. Anafanya karamu na wakubwa 1 000. Divai imepanda katika kichwa, anaamuru walete vyombo vya zahabu na vya feza vyenye vilitoshwa katika hekalu la Yerusalemu. Wanakunywa divai ndani yake na kusifu miungu ya zahabu, ya shaba, ya chuma, ya miti na ya mawe. Saa ile ile, vidole vya mukono vinaandika ku ukuta.

Kosa la usiku ule lilikuwa nini? Vyombo vyenye vilitengenezwa kwa kazi moja vilijazwa kitu kingine. Wapendwa, kijana mwenye anakimbia ku uwanja ni chombo. Mapafu yake, magoti yake, akili yake ya kuona paso mbele ya wengine, hakuna kompani yenye ilimupatia. Mungu alimutengeneza, na anajua juu ya nini. Wakati kapiteni anapandisha kombe juu, na watu wanataka kulijaza bia ili lizunguke kinywa kwa kinywa, tukumbuke vyombo vya Yerusalemu. Kombe la wanafunzi linaweza kujazwa maji. Maji yanatosha kwa watu wenye wamekimbia dakika 90.

Tunawaomba ninyi wote: leteni muchango wenu kwa wazee wa kanisa lenu mbele ya siku 10 kuisha, hata kama ni franka 500. Andikeni ku bahasha “Mupira wa wanafunzi”. Na siku ya mechi, muje. Tusibakie nyumbani na kusema uwanja ni wa dunia. Wazazi wakijaa ku viti, sura ya uwanja inabadilika.

Tuombe.

Bwana Mungu wetu, uliyesimama na vijana wane katika masomo ya Babiloni, simama na watoto wetu katika masomo ya Kolwezi, ya Likasi, ya Lubumbashi, na pote katika Lualaba. Uwapatie moyo wenye unaamua mapema. Uwapatie wakubwa wao ujasiri wa kusikiliza. Umukumbuke mama mwenye anauzisha ku mulango, umufungulie biashara ingine. Umulinde kila mutu mwenye atapanda moto kisha mechi, afike nyumbani. Na sisi wazazi, utupatie mukono wenye unatoa kabla kinywa chetu hakijakemea. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.